Sura ya Tano: Nani Ashike Swichi

Mwaka 2016 mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, katika nyanda za juu za Kenya, ulifutwa kabla haujazalisha hata wati moja. Ulipangwa kutoa megawati 60, na fedha zake zilikuwa zimeshapatikana. Wakulima wa viazi na kabichi wa Nyandarua waliukataa kwa sababu ya ardhi na kwa sababu ya maneno ambayo hakuna aliyekuja kuyajibu kwa wakati. Tangu hapo, kila kongamano la nishati Afrika Mashariki lina kikao chake cha kujadili namna ya kuwashawishi wananchi wakubali umeme safi.

Ukilipeleka swali hilo Butembo, watu watakutazama kama mgeni aliyekosea mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, katika mji huo wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, vijana walishuka barabarani kudai umeme wa maji. Hakuna shirika lililokuwa limewapa semina juu ya hewa ya ukaa. Walikuwa wamesikia kwamba mto Luviro, huko Lubero, umewekewa mitambo, na wakajua kwamba umeme huo haujafika kwao. Walitaka pia kujua ni nani aliyeuzuia.

Kwa hiyo sura hii inakwenda kinyume na mazoea ya vitabu vya aina hii. Katika Butembo na jirani yake Beni, kuungwa mkono na umma ndicho kitu pekee ambacho nishati safi haijawahi kukikosa. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya mwenye waya, mpanga bei, na mtu wa kuulizwa siku taa zinapozimika.

*

Butembo imekaa juu ya vilima vya mita 1,700 na zaidi, kilomita chache kaskazini ya ikweta. Ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Ukizizunguka utaona maghorofa ya vioo ya wafanyabiashara yakitazamana na nyumba za udongo na mabati. Bidhaa za mji huu hutoka Dubai na Guangzhou, hushushwa Mombasa, huvuka Uganda na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Watu wa Butembo wamezoea kununua ng'ambo ya bahari. Hawajazoea kupewa na Kinshasa.

Na Kinshasa haikuwapa. Bwawa la Inga, ambalo kila mtoto wa shule wa Kongo hulisoma kama fahari ya taifa, liko zaidi ya kilomita 1,800 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka. Inga ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Serikali ya Mobutu ikavuta waya wa kilomita 1,700 hivi hadi migodi ya Shaba, yaani Katanga, na waya huo ukapita juu ya vichwa vya vijiji ambavyo havikuambulia hata balbu moja. Mashariki ya mbali, Wanande, watu wa Butembo na Beni, hawakuona hata huo waya wa kupita juu ya vichwa vyao. Shirika la taifa la umeme, SNEL, lilishika haki ya kuuza umeme nchini kote bila kulazimika kuufikisha kila mahali.

Mji ukajitegemea kwa jenereta. Duka lenye friji lilikuwa na jenereta yake, na vilevile zahanati, kinyozi, mashine ya kusaga na kanisa lenye vipaza sauti. Mafuta ya jenereta hizo yalipita njia ileile ya Mombasa na Kasindi. Barabara ya Beni hadi Kasindi iliposhambuliwa na waasi wa ADF, au mvua ilipokata daraja, bei ya lita ilipanda kabla ya jioni. Mfanyabiashara wa Butembo anaweza kukueleza uhusiano wa vita na bei ya nishati vizuri kuliko profesa, kwa sababu ameulipa kwa dola.

Kuna historia ya mji huu ambayo bila kuijua hutaielewa hasira ya vijana wale. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, aliwaongoza waumini wake kwa fikra moja: usingoje serikali. Barabara zilitengenezwa kwa michango. Mwaka 1989 ukaanzishwa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, wakati chuo cha serikali kilikuwa mbali na maprofesa wake hawalipwi. Kutoka katika moyo huohuo ikazaliwa SENOKI, kampuni ya kuleta umeme Kivu Kaskazini, iliyojengwa juu ya hisa za wafanyabiashara na wakaaji wenyewe. Ndoto yake ilikuwa kuifunga mito ya hapo iwashe taa za hapo.

Fikra ilikuwa njema, na nadhani ilitangulia wakati wake. Ila mitambo ya maji si barabara ya vumbi. Barabara unaweza kuianza Jumamosi kwa salongo, watu na majembe, ukaimaliza kidogo kidogo. Mtambo wa maji hauna nusu: ama maji yanazungusha chuma, ama umechimba shimo. Unahitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, amani ya miaka, na mkopeshaji anayeamini kwamba amani hiyo itadumu. Miaka ya 1990 na 2000 Kivu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

*

Tarehe 17 Juni 2014 Kongo ilipata sheria mpya ya umeme, namba 14/011. Iliondoa ukiritimba wa SNEL na kuwafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha, kusafirisha na kuuza. Kwa mji kama Butembo, ambao SNEL haikuwa imeufikia, sheria hiyo ilikuwa kama mtu kupewa ruhusa ya kula baada ya kulala njaa miaka hamsini. Wenye kampuni waliisoma haraka.

Hapo ndipo mambo yakaanza kugongana. Upande mmoja kulikuwa na ENK, Énergie du Nord-Kivu, iliyotokana na ushirika wa ile SENOKI ya wenyeji na mwekezaji. Upande wa pili kulikuwa na Virunga Energies, kampuni iliyozaliwa na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, yenye mitambo yake ya maji. ENK ilikuwa na haki ya kusambaza umeme mjini na nyaya zilizoanza kutandazwa. Virunga ilikuwa na mto. Mtu aliyekaa gizani, mwenye pasi ya makala mkononi, aliona upuuzi mtupu.

Hoja ya wale waliotetea haki ya ENK haikuwa ya kijinga, ingawa barabarani haikupata mtu wa kuisikiliza. Ukiruhusu kampuni mbili zigombee mitaa ya wenye fedha, kila moja itachagua maghorofa ya katikati ya mji, na nyumba za pembeni zitabaki bila nguzo. Mwenye leseni hukopa fedha kwa kutegemea leseni hiyo. Ukiivunja kwa kelele za wiki moja, mwekezaji wa kesho atakuwa na sababu ya kutokuja. Katika nchi nyingine hoja hiyo ingepelekwa mbele ya mdhibiti, ikajadiliwa hadharani, bei zikawekwa mezani. Kongo ina mdhibiti huyo kwenye karatasi za sheria ya 2014. Yuko Kinshasa.

Vijana wa vikundi vya shinikizo walijibu kwa lugha yao. Butembo ina mila ndefu ya vikundi hivyo: Véranda Mutsanga, na Parlement debout de Furu, ambako watu husimama na kujadili siasa kana kwamba ni wabunge. Hoja yao ilikuwa fupi: bei ya umeme uliopo ni kubwa, umeme wenyewe ni haba, na wa maji upo karibu. Kama sheria inasema tusiunganishwe, basi kasoro iko kwenye sheria.

Hawakuwa wanaandamana dhidi ya mgeni kwa ajili ya mwenyeji. Ilikuwa kinyume. Kampuni yenye mizizi katika hisa za wenyeji ndiyo iliyopigiwa kelele. Iliyoitwa kwa shangwe ni kampuni ya hifadhi, hifadhi ambayo wengi wa Wanande wana ugomvi nayo wa tangu enzi za Mbelgiji. Anayedhani kwamba umma huunga mkono mradi kwa sababu ni wa "kwetu" inabidi afikiri upya.

*

Ugomvi huo wa hifadhi unastahili kusimuliwa, kwa maana ndani yake kuna fundisho ambalo Kinangop haikulipata.

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikapanuliwa miaka iliyofuata. Leo ina kilomita za mraba zipatazo 7,800, kuanzia volkano za kusini hadi barafu za Rwenzori. Pembezoni mwake kuna watu wengi na ardhi yenye rutuba isiyotosha. Familia zinakumbuka mashamba ya babu ambayo siku moja ziliambiwa kwamba ni ya wanyama. Wavuvi wa Ziwa Edward wanakumbuka mitumbwi iliyokamatwa. Mlinzi wa hifadhi, kwa mkulima wa kakao wa Mutwanga au mvuvi wa Kyavinyonge, ni mtu wa bunduki na faini.

Kati ya mwaka 2010 na 2014 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilitafuta mafuta katika eneo la Ziwa Edward. Wakaaji waligawanyika. Wengine waliogopea samaki. Wengine waliuliza, kwa haki kabisa, wanyama hawa wametuletea nini miaka yote hii? Juni 2014 SOCO ilikubali kusitisha kazi baada ya shinikizo la kimataifa. Lakini shinikizo la London halijibu swali la Kyavinyonge. Mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, Mbelgiji aliyeshika kazi hiyo mwaka 2008 na kupigwa risasi njiani Aprili 2014 akapona, alielewa kwamba ukimwambia mtu asichimbe mafuta na asikate miti, lazima umwonyeshe kitu kingine mkononi.

Kitu hicho kilianzia Mutwanga, katika teritwari ya Beni, chini ya mlima Rwenzori. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa kilowati 400 ulianza kufanya kazi hapo, kwa maji ya mto unaoshuka kutoka hifadhini. Kilowati 400 ni kidogo sana. Soko moja kubwa la kisasa la Nairobi lingezimaliza. Lakini Mutwanga hapakuwa na kitu. Zikafuata taa, kisha mashine za kusaga, kisha kiwanda cha sabuni cha kutumia mafuta ya mawese ya hapohapo, na baadaye kiwanda cha chokoleti. Kakao ambayo kwa miaka ilivuka mpaka ikiwa mbegu tupu, sasa sehemu yake ilitoka Mutwanga ikiwa imefungwa kwenye karatasi. Desemba 2015 ukaja mtambo wa Matebe, Rutshuru, wa megawati zaidi ya 13, uliopeleka umeme wake hadi Goma. Kisha Luviro, wa megawati zaidi ya 14, ule uliowatoa vijana wa Butembo majumbani.

Hiyo ndiyo sababu mtu anayemlaumu mlinzi wa hifadhi asubuhi anaweza kuandamana mchana akidai nyaya za hifadhi. Si mgongano wa mawazo. Anajua kutofautisha ardhi na umeme, na anaona kwamba hifadhi ikimuuzia umeme atapata kitu ambacho hakuwa nacho kamwe: nafasi ya kuwa mteja wake. Mteja hulalamika, na husikilizwa kwa namna ambayo mvamizi wa msitu hasikilizwi.

Lakini uteja nao una meno. Mita za kulipia kabla hazikopeshi. Ambaye hana fedha ya leo, leo yuko gizani, na waya unapita mbele ya mlango wake. Watu hujiunganishia kwa wizi, kampuni hukata, kijiji hukasirika. Hali hiyo inajulikana kila mahali umeme unapofikia maskini, kuanzia Kibera hadi Kinshasa. Pale ambapo mkataji wa waya anatumwa na taasisi ileile inayomtuma mlinzi mwenye bunduki, hasira mbili hujumlishwa. Hifadhi ilijenga mitambo ili ipunguze uadui, na ilifanikiwa sehemu nyingi. Hapo hapo ikajipa kazi ngumu ya kuwa, kwa mtu mmoja, askari na muuza umeme.

*

Niseme kidogo juu ya bitcoin, ingawa wapo watakaoona haina nafasi katika sura hii.

Mwaka 2020, mtambo wa Luviro ulipokuwa tayari kutoa umeme mwingi kuliko mahitaji ya wateja waliofikiwa na nyaya, yaliwekwa makontena yaliyojaa kompyuta za kuzalisha bitcoin. Mfaransa Sébastien Gouspillou, mwenye uzoefu wa kazi hiyo, alishirikiana na hifadhi. Baadhi ya makontena yalikuwa ya hifadhi yenyewe, mengine yake, naye akinunua umeme. Utalii ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na kabla ya hapo kwa sababu ya utekaji nyara wa watalii mwaka 2018. Hifadhi ilihitaji fedha za kulipa walinzi. Maji yasiyozungusha mashine leo hayarudi kesho.

Hesabu haina kosa. Umeme usio na mnunuzi ni hasara, na kompyuta hukubali kununua saa yoyote, mahali popote, bila kuomba nguzo. Mwenye mtambo mpya porini anapata mteja wa kwanza wakati akijenga laini ya kuwafikia wengine. Wapo walioisifu.

Sasa isome hesabu hiyo ukiwa Butembo, mjini ambako mwanafunzi wa Graben anasomea taa ya simu. Umeme upo katika eneo la Lubero. Unatumiwa na mashine kutengeneza fedha ambayo hakuna mtu sokoni anayeishika. Wewe unaambiwa usubiri, laini haijakamilika, na mwenye haki ya kusambaza mjini ni mwingine. Kila sentensi katika maelezo hayo inaweza kuwa kweli, na bado yote kwa pamoja yasikubalike. Mimi sidhani hifadhi ilifanya uovu. Nadhani ilidharau jinsi jambo hilo litakavyoonekana kutoka upande wa pili wa kilima, na katika nishati, kinachoonekana kina uzito zaidi kuliko wahandisi wanavyokubali.

*

Beni ina hadithi yake. Mwaka 2017, kampuni changa ya Goma ambayo leo huitwa Nuru ilijenga hapo mtambo wa jua wa kilowati 55 wenye nyaya za kusambaza mtaani, unaotajwa kuwa wa kwanza wa aina yake Kongo. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa usiku kwa mapanga. Kampuni ikaamua kuanza hapo hapo.

Kwa mtu wa Beni, taa ya barabarani haina uhusiano na tabianchi. Inaamua kama dada yako atafunga duka saa kumi na moja jioni au saa mbili usiku, na kama utamtambua anayekuja. Nuru ilipofungua mtambo mkubwa zaidi Goma, huko Ndosho, mwanzoni mwa 2020, wa megawati 1.3, nao ulikuja na taa za mitaani. Anayetaka kupima kama umma unaunga mkono nishati ya jua katika miji ya vita, ahesabu wanawake wanaouza mandazi chini ya nguzo hizo.

Hata hivyo Beni ilionyesha pia jinsi uungwaji mkono unavyoweza kupotea, japo si katika umeme. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, jirani na Beni. Ikadumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287. Dawa na chanjo zilikuwepo. Kilichokosekana ni imani. Wageni walifika kwa magari mapya na fedha nyingi, wakafuatana na askari, katika eneo ambalo watu walikuwa wameomba ulinzi dhidi ya mauaji kwa miaka minne bila kupata magari hayo. Desemba 2018 Beni na Butembo zikaondolewa katika uchaguzi wa rais kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola. Mwanzoni mwa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo.

Naliweka hili hapa kwa sababu waliokuja baadaye na miradi ya nishati waliwakuta watu walewale. Watu waliojifunza kuuliza, kabla ya kushukuru: nani anafaidika, na kwa nini sasa? Kampuni inayofikiri swali hilo ni uchochezi haijakaa vya kutosha. Na nafasi ya kuuliza hadharani nayo ilipungua. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi: gavana akawa mwanajeshi, na mameya wa Beni na Butembo walibadilishwa na maofisa wa polisi. Aprili 2022 wanaharakati wa LUCHA waliokamatwa Beni walihukumiwa mwaka mmoja jela kwa kupinga hali hiyo. LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, na maji ya bomba yalikuwa miongoni mwa madai yake ya mwanzo. Vikundi vinavyosukuma huduma za msingi ndivyo hivyohivyo vinavyofungwa. Hatuwezi kutafuta "sauti ya wananchi" juu ya nishati safi kwa mkono mmoja na kuifunga kwa mwingine.

*

Wakati kampuni zikivutana, wakaaji walifanya mapinduzi yao bila kuomba leseni. Paneli za jua zilijaa madukani Butembo. Walioziingiza ni wafanyabiashara walewale waliokuwa wakiuza jenereta. Waliona bei ya mafuta na bei ya paneli zikipishana njiani, wakabadili oda. Mnunuzi husimama kaunta, naye muuzaji humwambia, "Mama, hii ya wati mia itawasha taa nne na kuchaji simu, televisheni usiahidi watoto." Mama huuliza kuhusu betri. Ndilo swali la kweli, kwa sababu paneli huishi miaka ishirini, na betri ya risasi ya bei nafuu huchoka baada ya miwili au mitatu, kisha hutupwa nyuma ya nyumba, kando ya kisima. Nishati safi yenye risasi kwenye udongo ni jambo ambalo wauzaji hawalizungumzi na serikali haijalipangia chochote cha kuonekana.

Paneli ya paa ina sifa moja ambayo hakuna mtambo wa maji unaiweza: haina mwenye swichi isipokuwa wewe. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, laini za umeme ziliharibiwa katika mapigano na mji ukakaa bila umeme na bila maji ya bomba kwa siku kadhaa. Habari hiyo ilifika Butembo kabla ya wakimbizi. Mwenye paneli hakuhitaji kufafanuliwa. Ndiyo maana nasita ninapowasikia wapangaji wakisema wakaaji wataacha paneli zao siku waya utakapofika. Wataunganisha waya, na watabakiza paneli. Mtu aliyekwisha achwa hujiwekea akiba.

Lakini paneli ya wati mia haisagi muhogo wala haichomelei chuma, na mji wa viwanda hauwezi kujengwa juu ya mapaa. Butembo inahitaji ile mito. Inahitaji pia mtu wa kuamua, kwa uwazi, nani auze umeme wa mito hiyo na kwa bei gani, mbele ya watu wanaoweza kumwondoa.

*

Limebaki jiko, ambalo mijadala yote ya barabarani haikuligusa.

Taa ni sehemu rahisi. Kibatari na mafuta ya taa vilianza kuondoka Butembo bila kampeni, mara taa ndogo za jua ziliposhuka bei. Makala hayakuondoka. Maharagwe ya mji huu bado yanaivia kwenye mbabula, yaani jiko la makala, na magunia ya makala yanashuka kila siku kutoka Lubero na pembezoni mwa misitu. Sehemu yake ni mikaratusi iliyopandwa na wakulima kwa kusudi hilo, na hiyo si haramu wala si aibu. Sehemu nyingine inatoka ndani ya hifadhi, na mahali pengine mwenye bunduki ndiye anayekusanya ushuru wake. Mtu anaweza kuandamana kudai umeme wa maji, akarudi nyumbani na kupuliza moto wa msitu unaolisha mto huohuo. Wala asilaumiwe, apewe hesabu.

Hesabu ni hii. Jiko la umeme la kawaida, la kilowati moja, likichemsha maharagwe saa mbili na nusu, linakula hadi uniti mbili na nusu. Tuseme uniti moja inauzwa robo dola: sufuria moja imegharimu zaidi ya senti 60, kabla ya bugali. Hakuna mama wa Vulamba atakayefanya hivyo huku makala ya siku yakipatikana kwa vipimo vidogo mlangoni. Lakini maharagwe yaleyale, yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye sufuria ya umeme yenye presha, yanakula nusu uniti au pungufu. Hapo gharama inashuka hadi senti 12 hivi, na makala yanaanza kuonekana ghali. Kenya wameijaribu na wameona vivyo hivyo. Tatizo ni bei ya sufuria yenyewe, makumi ya dola kwa mkupuo, kwa mtu anayenunua makala kwa kopo ili asitoe fedha nyingi siku moja.

Hapa pana kazi ambayo haihitaji mtambo mpya wala sheria mpya. Kampuni ya umeme inaweza kuikopesha sufuria hiyo na kukata kidogo kidogo kwenye kila uniti inayouzwa. Mita ya kulipia kabla inajua kufanya hesabu hiyo. Wafanyabiashara wa Butembo wanajua inakotengenezwa, maana ni Guangzhou ileile. Ikiingia, itapita Kasindi, ilikopita jenereta na zilikopita paneli, na wanawake wataijadili sokoni kwa wiki chache kabla ya yeyote kuinunua: inakula kiasi gani, inaharibika lini, nani anaitengeneza, na umeme ukikatika maharagwe yakiwa nusu, nani analipa.